Mwiko wa Mkono Wangu

Doto alinipigia simu nikiwa kwenye mashine yangu ya kukoboa mpunga pale Kahama. Makelele yalinijaa masikioni, nikasikia neno moja tu, “Mama,” na kimya kilichofuata kikanieleza yaliyobaki. Nilizima mashine. Wateja wakanuna, maana mpunga wao ulikuwa umefika nusu, lakini sikuwa na nguvu ya kuwaeleza. Nikatoka nje, nikakaa juu ya magunia na kuutazama mkono wangu wa kulia. Nina wajukuu sasa, na mkono huu umefanya mengi: umeshika usukani, umemvisha mwanamke pete, umewachapa watoto mara chache, na kila mara mama yao alinigombeza. Usingeyafanya hayo kama si yule mwanamke aliyefariki Buseresere alfajiri ile. Hatukuwa na undugu wa damu hata tone. Kwa kadiri nilivyomjua, alipenda vitu viwili tu duniani: wanawe mapacha, na kuchonga miko.

Nilipofika msibani, wanaume walikuwa wamekaa chini ya turubai wanazungumzia bei ya mahindi kwa sauti ya chini, na nyuma ya nyumba akina mama walikuwa wanasonga ugali wa waombolezaji kwa miko ya marehemu mwenyewe. Kulwa, dada yake Doto, alinichukua mpaka chumbani kwa mama yake. Nilidhani nimejiandaa. Lakini nilipoinua macho darini nilishika mlango nisianguke. Miko ilikuwa imechomekwa kila mahali palipo na upenyo, kwenye boriti, kwenye fito, juu ya kabati, mpaka kwenye matundu ya matofali ya dirisha. Kulikuwa na mikubwa ya kusongea ugali wa harusi na midogo ya kumlishia mtoto uji. Mingine ilikuwa myekundu, mingine rangi ya asali, na hakuna uliofanana na mwenzake. “Kaka,” Kulwa aliniambia, “alikuwa anachonga mpaka wiki iliyopita. Watu wa Katoro walikuja wanataka kununua, akawafukuza.” Nikacheka katikati ya machozi, kwa sababu nilimsikia kabisa akiwafukuza. Nilipokuwa kijana niliwahi kumuuliza kama anaiuza wapi. Akasema haiuzi. Nikamuuliza, sasa unachonga ya nini? Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, “Ya kuchonga.”

Mwaka ninaoukumbuka ni ule niliokaa Kalangalala, pale Geita mjini, nikiwa kijana mwenye ndevu za kuhesabika. Nilikuwa mchimbaji. Tuliokuwa tunachimba duara moja, yaani shimo moja la mtu mmoja aliyetugharamia, tulipanga nyumba moja yenye vyumba vilivyozunguka ua, na kuta za vyumba hivyo hazikufika kwenye bati. Mtu akikohoa chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza anampa pole. Jioni tulikula pamoja kwenye sinia moja kubwa la bati lililochakaa maua yake. Ugali ulikuja kama mlima, dagaa au maharage pembeni, na Bakari, mkuu wetu shimoni, mtu wa Kigoma, mpole na mwenye swala zake, alisema “Bismillah” kwa ajili yetu sote, Wakristo na wasio na dini wakiwemo, ndipo mikono inaingia. Nimekula kwenye hoteli zenye vitambaa mezani tangu wakati ule. Sijawahi kushiba kama nilivyoshiba pale, nikiwa nimegusana mabega na watu wanaonuka vumbi la mawe.

Ajali yenyewe ilikuwa fupi. Jiwe liliteleza nikiwa chini, likaubana mkono wangu wa kulia ukutani. Hospitali walinisaidia nisiupoteze, lakini bandeji zilipotolewa, vidole vinne vilikuwa vimejikunja nusu, kama vinashika kikombe ambacho hakipo, na gumba limesimama pembeni limenuna. Havikufunguka wala havikufumba. Daktari alisema nivifanyie mazoezi, vitarudi au havitarudi. Nilirudi Kalangalala nikiwa nimeuficha mkono ndani ya mkono wa koti, wenzangu wakanipokea kwa shangwe, wakaniandalia nafasi kwenye sinia. Njaa ilikuwa inaniuma. Nikanyoosha mkono uliokuwa mzima, wa kushoto.

Bakari alinishika kifundo, taratibu, bila hasira hata kidogo. “Mdogo wangu, huo hapana.”

“Wa kulia haushiki kitu, kaka.”

“Naona. Lakini kushoto kwenye sinia ni mwiko. Sinia hili ndilo tunaloshuka nalo shimoni. Tukilichafua, jiwe litatukataa.”

Kwa mtu asiyewahi kuchimba, maneno haya yanaweza kuonekana ya kitoto. Kila duara lilikuwa na miko yake. Jirani zetu walikataza karanga zisisogezwe karibu na shimo, wengine walikataza mluzi, na kulikuwa na duara ambalo mtu hakuruhusiwa kutaja jina la mkewe akiwa chini. Mtu anayeingia ardhini kila siku bila kujua kama atatoka hushika chochote kinachoshikika. Sikumchukia Bakari, na hata leo simchukii. Nilitamani tu ardhi inimeze mara ya pili. Wakanikatia fungu langu kwenye sahani, nikaenda kulila chumbani kwa mkono wa kushoto, mlango umefungwa, kama mwizi. Ikawa hivyo kila jioni. Niliwasikia wakicheka na kugombania ukoko kwa mzaha, na Masele, kijana wa kwetu Shinyanga asiyejua kunyamaza, akiwasimulia uongo wake. Siku moja walidhani nimelala, nikamsikia Bakari akisema juu yangu, “Mvua zikianza na maji yakajaa shimoni, tumpe Shija nauli arudi nyumbani. Zikikatika tutafute mtu mwingine.” Masele akasema, “Kaka, ni mkono tu jamani.” Bakari akajibu, “Ndiyo, ni mkono tu. Na sisi tunafanya kazi ya nini, ya miguu?” Hakuna aliyecheka. Basi nikajua nina muda gani. Nilikuwa na kiangazi kilichobaki, na sikujua wa kumlilia.

Mama Kulwa alikuwa na chumba cha karibu na lango, na nje ya lango alikuwa na kibanda cha chakula. Asubuhi aliuza uji na vitumbua, mchana ugali. Wanawe walikuwa kwa bibi yao Buseresere, wadogo bado. Alipomaliza kuuza mchana na kusugua masufuria, wakati ambapo wanawake wengine walisuka nywele, yeye alikaa kwenye kigoda nyuma ya kibanda, akatandaza kanga kuukuu mapajani, akatoa panga lililokatwa fupi na kisu ambacho wafua vyuma walikuwa wamempindia ncha, akaanza. Watu walimsema. Wasukuma wa makamo waliopita pale walimwambia mwiko huchongwa na mwanaume na kushikwa na mwanamke. Aliwajibu, “Basi leteni wanaume, kwangu hayupo,” akaendelea. Kazi ya kulinda viroba vya mawe, niliyopewa baada ya ajali, iliisha mchana, na mimi sikuwa na pa kwenda. Nikawa nakaa kwenye tofali, mbali kidogo, namtazama.

Sijui nieleze vipi nilichokiona. Ni mwanamke na kipande cha kuni. Lakini alikishika kile kipande, akakigeuza, akakinusa, akakipiga kwa kucha na kusikiliza, kisha panga likashuka mara chache na tayari kulikuwa na shingo na kichwa. Halafu kisu kilichopinda kikaingia kichwani na kuanza kukomba, na maganda membamba yakatoka yamejiviringa, yananukia mapera, yakamjaa mapajani. Shimo la mwiko lilizidi kuwa na kina bila yeye kulitazama. Alikuwa anaongea na jirani, anafukuza kuku, na kidole gumba chake kikipita ndani ya lile shimo kikilipima. Nilikuwa nimechimba mwaka mzima nikitafuta kitu kilichojificha ndani ya kitu kingine, na tulivunja kila kitu ili kukipata. Huyu alikuwa anakitoa kizima. Nilisahau mkono wangu. Nadhani ni mara ya kwanza tangu ajali nilipousahau.

“Shikamoo, Mama Kulwa,” nikasema siku ya tatu au ya nne, kwa aibu ya kukutwa nimeachama.

“Marahaba, baba. Jina lako nani?”

“Shija.”

Akaweka kisu chini. “Shija! Mimi nina Kulwa na Doto, na Shija wangu hakuja. Kumbe ulikuwa umepotelea kwa watu.” Kwetu, mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija, naye tangu hapo aliniita ng'wana wane, mwanangu, na hakuwahi kurudi nyuma. “Sogea hapa unishikie hiki kigogo.”

“Sina mkono, mama.”

“Nimekuomba mkono? Nimekuomba magoti. Bana.”

Nikabana. Ndivyo nilivyoanza. Nilibana vigogo kwa magoti siku nyingi, ndipo akanipa kisu mkono wa kushoto, na ule wa kulia, bila kuniomba ruhusa, akaulaza juu ya mti kama jiwe la kuzuia karatasi zisipeperuke. “Uache hapo. Haufanyi kitu, lakini ukae kazini.” Alinifundisha kuchagua mti ungali mbichi, maana mkavu unamnyima mtu raha na kuvunja ncha ya kisu. Alinifundisha kuulainisha kwa majani ya msasa yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na kuupaka samli na kuuacha kivulini unywe. Na alinifundisha kutafuta tawi lililopinda. Wauza kuni walimletea vipande vilivyonyooka, akavisukumia jikoni. Alichokitafuta kwenye mzigo ni kile kilichokunjwa na upepo au na uzito wa matunda. Ukichonga mwiko kutoka kwenye mti ulionyooka, alisema, unakata mishipa yake, utavunjika shingoni. Ila tawi lililopinda lenyewe, mishipa yake inapita kwenye kona mpaka mwisho, na mwiko huo utawazika wajukuu. Nilimtazama kwa makini kuona kama ananisema mimi kwa mafumbo. Hapana. Alikuwa anazungumza juu ya miti.

Mwiko wangu wa kwanza nimeusimulia kwenye harusi nyingi. Niliona tawi zuri ajabu kwenye uzio wa nyuma, limepinda kama shingo ya bata, nikalikata bila kumuuliza mtu na kulichonga kwa siri ili nimshangaze Mama Kulwa. Lilitoka baya, lakini lilikuwa mwiko. Alfajiri nikauweka juu ya sufuria lake la uji, naye kwa furaha akautumia palepale, akakoroga uji wa wateja wote. Mtu wa kwanza alikunywa, akasimama, akatazama ndani ya kikombe. Wa pili akatema. Masele, aliyekuwa anakunywa haraka awahi shimoni, alipiga kelele mtaa mzima ukasikia: “Mama Kulwa, leo uji una kwinini!” Mama Kulwa akalamba mwiko. Kisha akaunusa. Kisha akakaa chini kwenye vumbi akacheka mpaka kitenge kikamfunguka. Nilikuwa nimechonga mwarobaini. “Ng'wana wane,” alisema alipopata pumzi, “umetibu malaria ya Kalangalala nzima.” Wapita njia wakawa wananiita Daktari. Na mimi, badala ya kujificha chumbani kama nilivyozoea, nilikuwa pale kati ya watu, nacheka. Nilikuwa nimetoa mkono mfukoni kujifuta machozi, na sikujua.

Lakini yeye aliuona. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona wote kweupe, maana hata tulipochonga niliuacha ndani ya mkono wa koti. Mchana huo, baada ya kuuza, alikata bonge la ugali la chini ya sufuria, zito na la moto, akaniambia niulete mkono. Nikasita. “Ulete, hauumwi na mbwa.” Akaliweka bonge kwenye kiganja na kuvikandamiza vidole vyangu juu yake kwa mikono yake miwili. Lilikuwa la moto, lakini si la kuunguza, na joto lilipanda mpaka kwenye kiwiko, mahali ambapo kwa miezi hapakuwa na chochote. “Finya,” akasema. Nikafinya. Hakuna kilichosogea. “Finya tu. Ukiona halikubali, mfinye yeyote anayekuudhi.” Kila siku baada ya hapo ilikuwa hivyo: ugali wa moto kiganjani kwanza, kisha kisu. Nilifikiri ni dawa ya Kisukuma. Nilidhani pia, siku nilizokuwa na uchungu, kwamba ananichezea, kunipa ugali nisioweza kuula. Ila niligundua kwamba mabonge mengine anawapa kuku, na lingine analiondoa kiganjani mwangu kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku mkali, na kuliweka juu ya paa la kibanda.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Wenzangu walizungumza habari za mvua kila jioni, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta na sahani yangu, na kila waliposema mvua nilisikia nauli. Mchana mmoja nilifika kibandani mapema. Mama Kulwa alikuwa amekaa kwenye kigoda amenipa mgongo, hakunisikia. Juu ya tofali mbele yake kulikuwa na bonge la ugali lililokauka mpaka likawa gumu kama udongo wa kichuguu, limepasukapasuka, na juu yake zilikuwepo alama za vidole vyangu. Shimo la kila kidole lilionekana, na mfereji wa gumba, na mbonyeo ule wa ajabu wa kiganja kilichokataa kufumba. Mkono wangu ulikuwa umekaa pale kwenye tofali, nje ya mwili wangu. Naye alikuwa na tawi la mpera lililojinyonga, analigusisha kwenye bonge, analigeuza, anafumba macho, anapapasa bonge, anapapasa mti, kisha anakata kiasi cha ukucha. Anapapasa tena. Nilirudi nyuma polepole, nikaenda kukaa barabarani. Nilijua nimeona kitu ambacho sikupaswa kukiona, na mpaka leo, nikiwa mtu mzima niliyekaa na mapadri na waganga, sijawahi kuona jambo lingine lililonifanya ninyamaze namna ile.

Alinipa mwiko siku ya Jumapili, baada ya kutoka kanisani, bila sherehe, akiwa ameufunga kwenye kipande cha kanga. “Haya. Huo si wa kutazama, ni wa kushika.” Hakika kwa macho haukuwa mzuri. Mpini ulikuwa mnene, umejikunja na kujaa vibonyeo, kama tangawizi. Nikausukuma kwenye mkono wangu wa kulia, na mkono ukaupokea. Siwezi kusema nimeushika, maana vidole havikusogea. Uliingia mahali pake. Kila kibonyeo kilipata kidole chake, gumba lililonuna likakuta mfereji wake, na nilipoinua mkono, mwiko ulinyanyuka nao. Nilipoutikisa haukudondoka. Upande wa mbele hakuuchonga bapa kama wa kusongea wala shimo kama kijiko cha chai. Kulikuwa na ukingo mwembamba wa kukatia ugali, na katikati kishimo kidogo, sawasawa na kile ambacho mtu hukibonyeza kwa gumba kwenye tonge lake ili ateke mchuzi. Nilijaribu kusema wabeja, asante kwa lugha yetu, midomo ikacheza tu. Mama Kulwa akanigeuza kwa mabega na kunielekeza uani. “Wao wana miko yao,” akasema, “na mimi nina miko yangu. Nenda ukale.”

Jioni ile sikusubiri sahani. Nilitoka chumbani, nikanawa na wenzangu, nikasukuma bega langu kati ya Masele na jirani yake, nikakaa. Bakari alikuwa bado hajasema Bismillah. Alinitazama usoni, akatazama mkono niliouweka magotini.

“Shija. Tulizungumza.”

“Tulizungumza kaka. Huu ni wa kulia.”

“Na hicho kilichomo?”

“Mwiko.”

Masele akaangua kicheko, halafu akakimeza. Bakari akanyoosha mkono. “Lete nione.” Nikauchomoa mwiko, nikampa. Aliugeuza, akajaribu kuushika. Mpini ukamkataa. Akabadili vidole, akakaza, mwiko ukamgeukia kiganjani na kuelekea chini. Alikuwa na mikono ambayo ilikuwa imeshika nyundo na tindo miaka mingi, mikono mizima yenye nguvu, akashindwa. Akampa aliyekaa pembeni yake. Huyo akajaribu, akacheka, akashindwa, akampa mwenzake. Ukazunguka sinia zima wakati ugali unapoa. Masele aliujaribu kwa mikono yote miwili, akashindwa. Ulipomrudia Bakari hakuna aliyekuwa anacheka tena. Aliukalisha kwenye viganja vyake, akautazama muda mrefu, akapitisha kidole kwenye vile vibonyeo, kimoja baada ya kingine, akatazama mkono wangu, na nikaona uso wake ukielewa.

“Huu mti unamjua mtu,” akasema kwa sauti ya chini.

Akanirudishia kwa mikono yote miwili, kama unavyompa mzee kitu. Kisha akasema Bismillah. Nikakata ugali, nikateka maharage, nikapeleka mdomoni kwa mkono wa kulia mbele ya watu. Baada ya muda Masele alishindwa kujizuia. “Kaka,” akamwambia Bakari, “mwiko umeutoa mwiko.” Ndipo kicheko kikapasuka, na bega langu likasukumwa huku na huku kama zamani. Bakari alinisogezea ukoko. “Mvua zikikatika unarudi na sisi,” akasema, akiwa anatafuna, bila kunitazama. “Utakaa juu, kwenye kamba, mpaka mkono uamue.” Hakuna aliyetaja nauli tena.

Mvua zilikuja, shimo likajaa, tukakaa bure miezi yote ile, na mimi nilikuwa kibandani kila mchana, chini ya turubai linalovuja, nachonga. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umetoka kwenye kazi ya kuzuia karatasi ukapanda cheo. Kwanza mkono uliushikilia mti kwa uzito wake, kisha ukausukuma, kisha, sijui lini, ukaanza kuugeuza. Nilichonga miko ambayo hata kuku waliidharau, nikachonga mingine ambayo Mama Kulwa aliipitishia gumba lake ndani na kusema “Mh,” na hiyo “Mh” nilitembea nayo kifua mbele wiki nzima. Hatukuuza hata mmoja. Watu waliuliza, nami nikajikuta najibu kwa hasira zilezile zake. Kila jioni nilikula na wenzangu kwa mwiko wangu, na mpini wake ukapata rangi ya kahawia kwa jasho la kiganja.

Mvua zilikuwa zimekatika, tumesharudi shimoni, siku mwiko uliponiteleza. Nilikuwa kibandani, nakula ugali wa mchana, nikaukata ugali na mpini ukazunguka mkononi. Nikaukaza. Ukazunguka tena, ukaangukia mchangani. Niliuokota, nikausugua, nikausukuma kiganjani kama nilivyozoea, na vibonyeo vikawa si mahali pake. Hofu iliyonishika siwezi kuieleza. Niliona sinia, niliona mlango wa chumba changu umefungwa, nilisikia vicheko upande wa pili wa ukuta. Nikamkimbilia Mama Kulwa aliyekuwa anafunika chakula.

“Mama Kulwa, mwiko umeharibika. Mvua zimeupinda.”

Akauchukua, akafumba jicho moja, akauangalia kwa urefu wake. “Haujapinda.”

“Basi umesinyaa.”

“Mpera huu ulishakauka siku nyingi, hausinyai tena.” Akausogeza mwenyewe kwenye mkono wangu, akajaribu kuuingiza mahali pake, akashindwa, kama Bakari alivyoshindwa. Akasimama hivyo, ameshika mwiko na mkono wangu. Sikuwahi kumwona hivyo, nikadhani sasa kweli nimekwisha. Akaufunua ugali. Mvuke ukatupanda usoni.

“Mega.”

“Mama…”

“Mega, nasema.”

Nikaingiza mkono. Ugali ulikuwa wa moto, vidole vikasita ukingoni, kisha vikaingia, na nikavihisi vikijikunja, kimoja, na cha pili, na vingine vikifuata kwa uvivu, na gumba, lile gumba lililonuna, likaja kutoka upande wa pili kuvipokea. Nilipoutoa mkono, kulikuwa na tonge ndani yake. Lilikuwa dogo, limepasukapasuka, nusu yake ilianguka njiani. Nilikula kilichobaki bila mboga, na bila kunawa, na Mama Kulwa, ambaye alikuwa anamfukuza kibandani hata mwenyekiti wa mtaa akikuta hajanawa, alisimama amekumbatia mfuniko wa sufuria, ananitazama nikitafuna.